Msimamizi na Mgeni Wake

Mama Sein alinipigia simu nikiwa sokoni Kitengela nachagua nyanya.

"Njeri, uko mbali?" akauliza bila salamu, na yeye si mtu wa kuruka salamu. "Si ukuje Isinya. Mzee amekataa kula. Anasema Mgeni ako hapo kwa fensi."

"Mgeni gani?" nikauliza, ingawa nilikuwa nimeshamjua.

"Huyo wenu wa TV. Nikiweka sahani mezani anaisukuma, anasema hawezi kula na hiyo kitu ikimwangalia. Sasa ni chai tu, na hata chai anaacha nusu. Daktari amesema asipokula watamrudisha wodi, na wewe uliona vile alilia huko. Nimemwambia hakuna kitu mpaka mdomo umechoka. Lakini nyinyi ndio mlitengeneza hiyo kitu. Kuja uongee na yeye, ama uongee na hiyo kitu, sijui."

Nilimwambia nitafika Jumamosi. Nyanya nikaziacha palepale, mwenye nyanya akanisonya, nami sikumlaumu.

Niseme wazi kwamba niliogopa. Siku zote zilizofuata nilikuwa nashtuka mtu akinigusa bega tu. Mzee huyo, mume wa Mama Sein, nilimfanyia kazi miaka mingi. Sote tulimwita Msimamizi, hata mwongozaji aliyegombana naye kila wiki, hata mama aliyetuletea chapati. Alikuwa msimamizi wa picha za kompyuta katika tamthilia ya televisheni ya mambo ya kubuni, kuhusu watu wa zama zijazo wanaoishi kwenye nyika iliyokauka huku kitu kisicho na uso kikiwafuata majanini. Kwenye hadithi kitu hicho hakikuwa na jina. Sisi tuliokitengeneza tulikiita Mgeni, kwa sababu kila kipindi kilikuja bila kualikwa na kukaa kuliko kilivyotakiwa.

Studio yetu ilikuwa nyumba ya kupanga Kitengela, nyuma ya duka la vifaa vya ujenzi. Madirisha tulikuwa tumeyaziba kwa pazia nyeusi ili rangi za skrini zisidanganye, na majirani wakaona watu wanaingia asubuhi na kutoka jioni wakiwa wamekunja macho kama fuko. Wengine walisema tunacheza kamari. Wengine walisema ni kanisa la aina fulani. Siku moja mchungaji wa mtaa alibisha hodi, akasema amesikia tunafuga kitu humo ndani na angependa kukiombea. Msimamizi alimkaribisha kwa heshima zote, akamketisha, akamwonyesha Mgeni akitembea kwenye skrini. Mchungaji aliangalia kidogo tu, akasimama, akaomba kwa haraka sana na kuondoka bila kunywa soda yake. Msimamizi alifurahi wiki nzima. "Mnaona?" alituambia. "Huyo hakuona meno. Hakuona damu. Ameona nyasi tu zikisogea."

Hilo ndilo lilikuwa somo lake kubwa. Alikuwa akisema mtu haogopi meno, anaogopa nyasi. Alisema ukikionyesha kitu chote umekiua. Kijana mmoja wetu alitengeneza nyasi za shoti moja, kipande kifupi tu cha picha, kwa majuma kadhaa, akizirudia na kuzirudia, kwa sababu Msimamizi alisema zinasogea kama nyasi zinazojua zinaangaliwa. Kijana alitishia kuacha kazi. Msimamizi akaenda kumnunulia mutura, utumbo wa kuchoma uliojazwa nyama, akakaa naye nje kwenye ngazi, wakala, kisha akamwambia arudie tena.

Kikao cha kutazama kazi kilikuwa asubuhi, na nakuambia hakuna aliyekipenda. Alikaa kwenye kigoda cha plastiki karibu kabisa na skrini, chupa yake ya chai miguuni. Wewe mwenye shoti ulisimama nyuma yake. "Rudisha," alisema. Ukarudisha. "Rudisha tena." Hapo jasho lilikuwa limeshaanza kukutoka kwapani. Akinyamaza ulikuwa umepona. Akisema "mm," ujue siku yako imekwisha, kwa sababu "mm" ilimaanisha kuna kitu kibaya na ni wewe utakayekitafuta. Hakuwahi kupaza sauti. Heri angepaza, maana mtu anayefoka unaweza kumkasirikia.

Kabla ya hayo alikuwa amechora mabango ya bucha Kajiado, ng'ombe wekundu wenye kope ndefu kama maharusi. Kisha akaingia kwenye video za harusi, akiweka maua yanayoanguka na mioyo inayoelea. Alitusimulia kwamba katika harusi moja aliweka njiwa mweupe anayeruka kutoka kwenye keki, bila kuagizwa na mtu, kujaribu tu kama anaweza. Video ikaonyeshwa kanisani. Akina mama wakalia, wakasema walikuwapo na walimwona njiwa kwa macho yao. Msimamizi alikwenda kuwaeleza kwamba ni yeye aliyemtia kwa kompyuta. Hawakutaka kusikia, na mama mmoja alimwambia shetani ndiye anayemfanya aseme hivyo. "Siku hiyo niliogopa," alituambia. "Nilijua hii kazi haina mchezo. Ukishaweka kitu kwa kichwa ya mtu, huwezi kuenda kukitoa." Alisema hivyo akicheka, na sisi tukacheka naye.

Alipomwajiri mtu hakuuliza alisoma wapi. Aliangalia kazi zako, akazima skrini, akakuuliza unaogopa nini. Wengi walisema nyoka, au kufa. Aliwapungia mkono kana kwamba wamemtajia bei ya sukari. Alitaka kitu chako. Aliyekuja kabla yangu alimwambia anaogopa kukuta mlango alioufunga ukiwa wazi, na kweli katika msimu wa kwanza Mgeni huacha milango wazi. Mwingine alisema mikono ya baba yake ilivyokuwa ikining'inia alipokuwa amekaa akiwaza, na Mgeni akapata mikono hiyo. Kidogo kidogo kile kitu kilijengwa kwa hofu zetu sote, na watu nchini wakakiogopa bila kujua wanaogopa nyumba za nani.

Mimi nilimwambia naogopa viatu vya shosho, bibi yangu.

Shosho alihamia kwetu akiwa amezeeka, na akili ikaanza kumtoka. Mchana, jua likiwaka, angetembea kwenye korido na slipa zake: hatua chache, kisha kimya. Amesahau alichokuwa anaendea. Kisha hatua chache tena. Mimi nilikuwa chumbani nafanya kazi ya shule na moyo ulinidunda kwenye ule ukimya, si kwenye hatua. Halafu mlango ungefunguliwa, angenitazama kwa adabu sana, adabu ya kumtazama mtu wa mbali, na kuuliza, "Wewe ni mtoto wa nani?" Nilimpenda shosho. Lakini nilikuwa nikijificha nyuma ya kabati nikisikia slipa.

Msimamizi alinisikiliza bila kupepesa jicho. "Nionyeshe vile alikuwa anatembea," akasema. Nikatembea kwenye korido ya studio, hatua chache nikasimama. "Hapana, umesimama kama mtu anangoja gari. Yeye alikuwa anasimama aje?" Nikajaribu tena, na tena, mpaka mwili ukakumbuka, na nikaona uso wake umebadilika. Akaniambia nimepata kazi. Ndivyo Mgeni alivyopata mwendo wake. Kipindi hicho kiliporushwa nilikuwa nyumbani na mama yangu. Mgeni alipotokea majanini, akatembea, akasimama, mama aliinuka na kwenda jikoni. Alikaa huko mpaka kikaisha. Hatukuwahi kulizungumzia.

Sasa mtu angedhani mzee huyu alikuwa jasiri. Aa wapi! Sijaona mwoga kama yeye. Aliogopa mbwa, aliogopa bata bukini, aliogopa bodaboda kiasi cha kutembea kwa miguu juani akiwa na mzigo. Tamthilia yetu hakuitazama ikirushwa. Aligeuzia televisheni mgongo na kututazama sisi. Wakati mmoja tulikuwa tunapiga picha nyikani kuelekea Kajiado na mchungaji wa ng'ombe akatuonyesha nyayo za simba, mbichi kabisa. Wote tulikimbilia gari. Msimamizi alikuwa wa kwanza kuingia na wa kwanza kufunga mlango kwa ndani, mwongozaji akiwa bado nje anagonga kioo na kutaja majina ya wazazi wake. Baadaye mwongozaji alimuuliza kama haoni haya. "Mimi ndio ninaogopa kwa niaba yenu wote," akamjibu. "Lazima mtu alinde mwenye hiyo kazi."

Lakini mtu huyo huyo ndiye aliyekuwa Mgeni. Unapopiga picha ya kitu ambacho kompyuta italeta baadaye, waigizaji huhitaji mahali pa kuelekeza macho, kwa hiyo mtu hubeba fimbo ndefu yenye mpira wa tenisi kichwani. Kwingine kazi hiyo hupewa yeyote aliye karibu. Msimamizi hakumwachia mtu. Alivaa shati la kijivu, akaingia kwenye nyasi zinazofika kifuani, nyasi zilezile alizoziogopa, akatembea ule mwendo wa shosho wangu akiwa ameinua mpira. Mwigizaji wetu mkuu, dada mwenye moyo mgumu aliyekuwa akila njugu hadi sekunde ya mwisho, siku moja alilia kikweli na ikabidi tusimame. Nilimpelekea maji. Akaniambia, "Si mpira. Ni vile yeye amenitazama. Kama mtu ananijua halafu ananisahau hapo hapo."

Nilimuuliza Msimamizi huwa anafikiria nini akiwa majanini. Alisema hafikirii kitu, anaogopa tu, na anaacha ionekane.

Yeye mwenyewe hakuwahi kutuambia anaogopa nini. Tulimuuliza, tena kwa utani, siku za kuzaliwa na siku za nyama choma. Alisema anaogopa bili ya umeme. Alisema anaogopa mama mkwe. Mama Sein akiwapo alitikisa kichwa na kumwongezea nyama. Alimpenda kwa namna ya kumwongezea nyama, na yeye Msimamizi, aliyetuonea sisi wote kwa nyasi na vivuli, kwa mkewe alikuwa mpole kama mgonjwa. Alimpigia simu kila saa ya chakula kuuliza amekula nini. Sisi tulimsikia: "Na mboga je? Na ulipumzika?" Tulikuwa tukimcheka kisirisiri, na mimi nilikuwa nikimwonea Mama Sein wivu.

Nafika sasa kwenye jambo ambalo mpaka leo likinijia nikiwa peke yangu naweka kitu chini na kukaa.

Ilikuwa katika msimu wa mwisho. Asubuhi moja tulikuwa tunatazama shoti ya nyasi tupu. Mgeni alikuwa bado hajawekwa. Kazi hiyo ingefanywa wiki iliyofuata. Msimamizi aliitazama, akasema irudishwe, kisha akaweka kidole kwenye skrini. "Hapa ameegemea sana kushoto. Mwambie ashushe bega."

Tukatazamana. Hakukuwa na mtu pale alipoonyesha, nyasi tu. Lakini kazi ya msimamizi wa picha ni nini? Ni kuona kile ambacho bado hakipo na kuwaambia wengine kilipo. Yule kijana wa nyasi aliandika: bega lishuke. Wiki iliyofuata akamweka Mgeni palepale, ameshusha bega, na ilikuwa shoti bora kuliko zote tulizowahi kufanya. Tulimwambia mzee hongera. Alitutazama kama watu wanaopongeza jua kwa kuchomoza.

Ikaendelea hivyo miezi. "Leo amekuja karibu," angesema, na sisi tukamleta karibu. "Leo hatembei, amekaa," na sisi tukamkalisha. Asubuhi nyingine alisogeza kigoda chake mbali na skrini, akatuambia tufunge mlango, tukafunga, na tulichekeana nyuma yake kwa kumhusudu jinsi anavyoingia ndani ya kazi. Mahali pengine popote, mtu akionyesha kidole penye nyasi tupu na kusema kuna mtu pale, watu wake wangeshtuka siku hiyohiyo. Kwetu alipigiwa makofi. Msimu ule ulisifiwa kuliko mingine yote, na kila aliyetusifu alisema hajui tumeyatoa wapi mambo yale.

Aliyetuzindua ni Mama Sein. Alikuja studio mwenyewe, amevaa shuka lake jekundu na shanga za kwendea kanisani, akatusimamia katikati ya chumba cha giza. Tulimsalimu kwa Kimaasai kama mama yetu, "Takwenya, Yeyo," naye akaitikia "Iko" bila kututazama. Alikuwa anatazama skrini.

"Nataka kuwauliza kitu," akasema. "Mzee ameniambia niweke pazia kwa dirisha ya jikoni kwa sababu kuna mtu anasimama huko nje. Amekataa kuenda choo peke yake mchana. Sasa mniambie. Huyo mtu, nyinyi pia mnamuona, ama ni yeye peke yake?"

Yule kijana alikuwa ameshika kalamu. Kichwani mwangu zilipita zile shoti zote, na kila mahali palipokuwa na kidole cha Msimamizi kwenye nyasi tupu, na nikaelewa kwamba hakuwa akituelekeza. Alikuwa akitueleza kinachomtisha, kila asubuhi, mbele ya watu waliomjua kuliko wote, nasi tulikuwa tunaandika.

Daktari alisema kuna ugonjwa wa ubongo unaomfanya mtu aone visivyokuwapo hata kabla hajaanza kusahau. Kusahau kulifuata upesi. Tulimchinjia mbuzi wa kumuaga, tukampa saa ya ukutani, na mwongozaji aliyefungiwa nje siku ya simba alilia kuliko wote. Msimamizi akahamia kwenye ploti yao Isinya, mahali alipokuwa amepanga kufuga kuku.

Jumamosi nilifika kabla ya saa sita. Ile ploti iko mbali kidogo tu na barabara, na kwa mbali unaona paa nyeupe za mashamba ya maua. Kuna ua wa waya, tangi jeusi la maji juu ya mawe, banda la kuku, na baada ya waya ni nyasi, kavu, zinazofika kifuani. Nilizitazama nyasi zile na nikatamani kurudi. Sitanii. Nilishika kilango na mguu haukuingia mpaka Mama Sein alipotoka na kunishika mkono.

"Amekonda," alininong'oneza. "Usishtuke."

Sebuleni pazia zilikuwa zimefungwa isipokuwa ufa mmoja. Alikuwa amekaa pembeni mwa ufa, si mbele yake, kama mtu anayechungulia polisi. Shingo ilikuwa imekuwa nyembamba ndani ya kola. Mezani kulikuwa na ugali, sukuma na nyama iliyokatwa vipande vidogo, vyote vimepoa.

"Umechelewa," akaniambia. "Tumeanza kutazama."

"Pole, Msimamizi."

"Ako hapo tangu asubuhi. Katikati ya tangi na hiyo nguzo iko na tairi." Aliongea chini kwa chini, ameshikilia pazia. "Nimewaambia hii shoti haifai. Nani aliiacha ikaenda? Anakaa sana. Mgeni hakai hivi. Anatembea, anasimama, anaangalia sahani yangu."

Akasimama ili anionyeshe. Alitembea hatua chache kuelekea dirishani, akasimama katikati ya chumba. Uso wake ukawa mtupu. Hakujua alikuwa anaendea nini. Niliusikia ukimya ule, ule ule wa korido ya kwetu. Kisha akaendelea mpaka dirishani. Nilichungulia kando yake. Upepo ulikuwa unapita nyasini, na naapa, kwa sekunde moja, nami nilimwona, kwa sababu nilijua angesimama vipi.

Kumbe palikuwa na mtu kweli. Mama Sein alikuwa ametoka, ameuvuka ua na kwenda kusimama katikati ya tangi na nguzo ya tairi, ameielekea nyumba. Kila siku alifanya hivyo, nilikuja kujua. Mzee alipoonyesha kidole, yeye alikwenda kusimama palepale ili aone hakuna cha kumdhuru mtu. Alisimama huko juani, akapunga mkono. "Baba Sein! Unaona? Niko hapa! Hakuna kitu!"

Msimamizi alirudi nyuma na kunishika kiwiko kwa nguvu za ajabu kwa mtu mwembamba vile. Alikuwa anahema.

Nilikuwa nimepanga kumwambia taratibu kwamba hakuna kitu. Nilipomwona vile nilijua maneno hayo yamekwisha kazi. Nikasimama nyuma yake pale ninapopajua, na nikasema kwa sauti yangu ya kazini, "Msimamizi, hii shoti imebadilishwa. Mwongozaji hataki Mgeni tena hapa. Amesema tumfute."

Alinitazama. Mgongo ukanyooka. "Kwa nini?"

"Stori imebadilika."

"Huyo mtu," akasema kwa hasira, na ilikuwa hasira nzuri, ya zamani. "Anabadilisha stori kila siku kama soksi. Haya. Mko na mahali patupu?"

Katika kazi yetu huwezi kumfuta mtu kwenye picha kama hujui nyuma yake kuna nini. Kwa hiyo kila tulipopiga picha nyikani, mwishowe wote waliondoka mbele ya kamera, na mahali penyewe pakapigwa pakiwa patupu, bila mtu wala kiti. Utupu huo ndio unaobandikwa juu ya usichokitaka. Nilitoa simu, nikafungua pazia lote, nikaiegemeza dirishani. "Tunapapiga sasa," nikamwambia.

Akasogea. Akaja mbele ya dirisha, wazi kabisa, mahali ambapo Mama Sein alisema hajasimama kwa muda mrefu. Akakunja macho, akatazama skrini ndogo ya simu, kisha nje, kisha simu. Nilihesabu kimoyomoyo nisijue nahesabu nini.

"Mtoe polepole," akasema. "Anza na miguu. Sawa. Mikono. Sawa." Akasogeza uso karibu na simu. "Ameenda."

Nilitaka kumkumbatia.

"Lakini bado haiko safi," akasema. Akaweka kidole kwenye kioo cha simu. "Kuna huyo mama. Huyu wa nguo nyekundu. Ni nani huyu? Nani alimwingiza hapa?"

Dirisha lilikuwa wazi. Mama Sein alisikia. Nilimwona mkono wake uliokuwa ukipunga ukishuka.

"Ni mimi, Baba Sein," akaita. "Ni mimi."

Msimamizi hakumtazama yeye, alinitazama mimi, kwa subira ya mtu anayemfundisha mgeni wa kazi. "Mwambie atoke kwa picha. Akiwa hapo siwezi kula."

Sikuhitaji kumwambia. Mama Sein alisimama kidogo, akajifunga shuka vizuri, akatembea kando kando ya waya mpaka nyuma ya tangi, mahali ambapo dirisha halifiki. Nyasi zilibaki peke yake. Msimamizi alizitazama nyasi, akatazama simu, akashusha pumzi kama mtu aliyetua gunia.

"Hapo sasa," akasema. Akarudi mezani, akakaa, akavuta sahani, akamega ugali.

Alikula. Alikula kwa njaa, nyama kwanza, mchuzi ukimtiririka kidevuni. Mimi nilitoka nje kupitia jikoni, nikazunguka banda la kuku mpaka nyuma ya tangi. Mama Sein alikuwa ameegemea mawe, jua la saa sita limempiga utosini, hana kivuli cha kujisitiri. Alikuwa ameziba mdomo kwa ncha ya shuka. Aliitoa aliponiona.

"Anakula?" akauliza.

"Anakula, Yeyo. Twende ndani, jua ni kali."

Alichungulia dirisha kwa jicho moja, akarudi nyuma haraka asije akaonekana.

"Wacha amalize," akasema. "Mimi niko sawa hapa."